Amri yako ya Kihispania imekwama wapi?

Mara ya kwanza nilipomwamuru mtu kwa Kihispania, hakutii. Tulikuwa karibu kufika Horombo, kambi ya njiani kwenye mlima Kilimanjaro. Mzee mmoja kutoka Hispania alikuwa amesimama ameegemea fimbo, midomo imemkauka, na chupa yake ya maji imejaa vilevile ilivyotoka asubuhi. Nikamwambia kwa kujiamini kabisa: *Usted bebe agua.* Akanitazama, akatikisa kichwa kukubali, akasema *Sí, sí, mucha*, kisha akaendelea kuegemea fimbo yake.

Nilikuwa nimemwambia "wewe hunywa maji". Naye akanijibu kwamba ni kweli, hunywa mengi.

Maneno yote matatu yalikuwa sahihi, ila sikuwa nimetoa amri, nilikuwa nimetoa habari. Siku hizi nakutana jioni na wenzangu wa kazi ya mlima na mbuga wanaojifunza Kihispania, na naona makosa yaleyale yanarudi, tena kwa sababu zilezile. Mengi hayatokani na ugumu wa Kihispania. Yanatoka kwenye Kiswahili chetu wenyewe, kinachofanya kazi kimyakimya ndani ya kichwa wakati mdomo unasema lugha nyingine. Kwa hiyo nimeyapanga kwa dalili. Tafuta inayokuumiza, uanzie hapo.

Nahusika hapa na vitenzi vinavyofuata kanuni, na kumwambia mtu afanye jambo. Kumkataza (*no beba, no suban*) kuna taratibu zake, na ukiyachanganya yote siku moja utatoka huna hata kimoja.

Chombo kikiwa kizima kinaonekana hivi

Kila kitenzi cha Kihispania kwenye kamusi kinaishia -ar, -er au -ir. Kata kiishio hicho, mzizi ubaki, kisha uvishe kiishio kipya kulingana na unayemwambia:

*caminar* (kutembea): *camina, camine, caminen*
*beber* (kunywa): *bebe, beba, beban*
*subir* (kupanda): *sube, suba, suban*

La kwanza ni la *tú*: rafiki, mtoto, mtu wa rika lako. La pili ni la *usted*: mtu unayempa heshima yake. La tatu ni la *ustedes*, watu wengi. Kuna mengine mawili matatu, nitayagusa yanapohusika.

Ukiniuliza uanze na lipi, nitakwambia anza na la tatu, kisha la pili, na *tú* iwe ya mwisho. Vitabu vingi vinaanza na *tú*. Lakini sisi kazini tunazungumza na makundi, na wengi wetu tumelelewa na shikamoo. Kumwambia mama wa miaka sabini *come* (kula) kama unamwambia mdogo wako hakuji vizuri mdomoni hata kama yeye mwenyewe hajali.

Dalili: anakubali kwa kichwa lakini hafanyi

Hii ndiyo iliyonipata mimi. Chanzo ni *usted* kukaa mbele ya kitenzi kilichobaki katika wakati uliopo. Kwa Kiswahili unaweza kusema "wewe, kunywa maji" na bado ikawa amri. Sauti inamaliza kazi. Kihispania hakikubali. *Usted bebe* ni taarifa, hata ukiisema kwa kupiga mguu chini.

Amri inaanza na kitenzi chenyewe: *Beba.* Ukitaka kuitaja *usted*, iweke nyuma: *Beba usted.* Hapo inaongeza uzito kidogo, au adabu kidogo, kutegemea sauti yako.

Dalili hii ina ndugu yake upande wa *tú*. Umbo la amri la *tú* limefanana herufi kwa herufi na umbo la "yeye" la wakati uliopo. *Sube* ni "panda!", na pia ni "anapanda". Ukilisema huku unaangalia pembeni, mgeni atageuka kutazama ni nani huyo anayepanda. Kinachotenganisha ni pumzi. *María, abre* ukipumua katikati ni "María, fungua". *María abre* bila kupumua ni "María anafungua". Kwenye maandishi, pumzi hiyo ni mkato, na ukiusahau umebadilisha sentensi nzima.

Dalili: anatii, lakini anatabasamu

Unasema *Beber agua. Comer. Caminar despacio.* Watu wanakunywa, wanakula, wanatembea polepole. Kazi imefanyika. Lakini unasikika kama kibao kilichobandikwa ukutani, na kwa kweli vibao ndivyo vinavyosema hivyo: milango ya Hispania imeandikwa *Empujar* upande mmoja na *Tirar* upande wa pili, sukuma na vuta.

Nilikuwa nashangaa kwa nini wanafunzi wangu wanakosea hivi zaidi kwenye *comer* na *beber* kuliko kwenye *caminar* au *esperar*. Siku moja nikajisikia mwenyewe nikimwita mwanangu mezani: "Kula! Kunywa chai yako!" Ndiyo hiyo. Vitenzi vyetu vifupi havidondoshi ku- kwenye amri. Tunasema soma, tembea, ngoja, lakini tunasema kula, kunywa. Kwa hivyo viwili, jina la kitendo na amri ni neno moja. Kichwa kinachukua desturi hiyo na kuihamishia kwa *comer* na *beber*, bila kukuomba ruhusa.

Tiba ni kuvifanyia mazoezi hivyo viwili peke yake, kwa wingi na kwa umoja, mpaka *coman* na *beban* zitoke kabla hujafikiri. Vingine vitafuata.

Na kama utasikia Wahispania wenyewe wakiambiana *¡Callar!* (nyamazeni) au *¡Sentaros!* (ketini), usidhani nimekudanganya. Mitaani wanasema hivyo sana wanapoamrisha watu wengi, na wanasarufi wao wanalalamika kila siku, kwa sababu kanuni inataka *callad* na *sentaos*. Mwaka 2017 Real Academia Española, taasisi inayosimamia lugha yao, ililegeza kamba kwa kitenzi kimoja tu, *irse* (kuondoka), ikakubali *iros* kando ya *idos*. Kwa vingine kamba bado imekaza.

Dalili: irabu ya mwisho inakuchezea

Hapa ndipo penye kazi kubwa.

Tazama tunachofanya sisi. Soma. Ukitia adabu: usome, msome. Kwa watu wengi: someni. A inageuka e. Sasa tazama *cantar*, kuimba: *canta, cante, canten*. Imba, uimbe, imbeni. Lugha mbili zisizo na undugu wowote, na irabu zinageuka kwa mtindo uleule, mpaka ile n ya wingi imejileta mwishoni! Mwanafunzi wa Kiswahili akifika hapa anafurahi, na ana haki ya kufurahi. *Espere, mire, tome, descanse, respire, baje, pase*: vyote vinateleza tu.

Kisha anakutana na -er na -ir, na gurudumu linazunguka kinyume. Hivi tayari vina e mdomoni mwa *tú* (*come, bebe, abre, sube*), kwa hiyo adabu inapata a: *coma, beba, abra, suba*. Sikio la Kiswahili halipendi. Kwetu e ndiyo irabu ya upole, a ndiyo kavu. Unajikuta unamwambia bibi kizee *come*, ukidhani umekuwa mpole, kumbe umemsalimia "mambo".

Kwa mtu mmoja, kosa hilo ni la adabu tu, na maana inafika. Mhispania hata hatalisikia, kwa kuwa wao wanatumia *tú* kwa karibu kila mtu. Mtu wa Bogotá, Kolombia, atalisikia zaidi; huko *usted* inatumika hata kati ya watu wa nyumba moja. Kwa watu wengi hali ni mbaya zaidi, kwa sababu irabu ikikosewa amri inayeyuka kabisa:

*Suban* ni "pandeni". *Suben* ni "wanapanda".
*Bajen* ni "shukeni". *Bajan* ni "wanashuka".
*Beban* ni "kunyweni". *Beben* ni "wanakunywa".

Umesimama mlangoni mwa gari la safari, umewaambia watu saba *suben*, nao wamesimama wanakutazama, wakingoja umalizie hadithi ya hao wanaopanda.

*Subir* na *bajar* ndivyo vitenzi ninavyovipenda kwa mazoezi, kwa sababu vinakwenda pamoja siku nzima na kila kimoja kinataka irabu ya mwenzake. *Suban. Bajen. Suban. Bajen.* Fanya hivyo ukipanda na kushuka ngazi za nyumbani. Majirani watakuzoea.

Ukiwa na shaka, kagua kwa kusema "mimi" kwanza: *camino, bebo, subo*. Toa ile o, uangalie kamusi. Kama kiishio kilikuwa -ar, weka e. Kama hakikuwa -ar, weka a. Njia hii ni bora kuliko kukariri, kwa sababu inakuvusha hata kwenye vitenzi vinavyojipinda katikati: *cerrar* (kufunga) ni *cierro*, basi *cierre, cierren*, *volver* (kurudi) ni *vuelvo*, basi *vuelva, vuelvan*.

Kuna jozi mbili zinazofaa kukumbukwa. *Sentarse* ni kuketi, na *sentirse* ni kujisikia. Kwa hiyo *siéntese* ni "keti", na *siéntase* ni "jisikie", kama katika *siéntase como en su casa*, jisikie uko kwako. Irabu moja tu, na kiti kimegeuka kuwa hisia. Jozi ya pili ni *parar*, kusimama, na *parir*, kuzaa. *Pare* ni "simama", na ndilo neno lililo kwenye alama nyekundu za barabarani Argentina, Kolombia na Chile (Meksiko wanaandika *ALTO*, Hispania *STOP*). Ukigeuza irabu ukamwambia *usted* "*para*", kwa sarufi kali umemwamuru azae. Hakuna atakayelielewa hivyo, atasikia *tú* ya *parar*. Lakini mwanafunzi akishacheka mara moja, hakosei tena.

Dalili: irabu ziko sawa, lakini bado anauliza "¿Cómo?"

Sasa msikilize mkazo wako, usiangalie herufi.

Kiswahili kina mkazo wa silabi ya pili kutoka mwisho, na kila kiambishi kinachoongezwa nyuma kinauburuta: SO-ma, so-ME-ni. Vivyo hivyo i-NU-ka: ukiweka wingi, mkazo umehama, i-nu-KE-ni. Hatufikirii, mdomo unafanya wenyewe. Kihispania kikibandika kiwakilishi nyuma ya amri, mkazo hauhami hata kidogo. Unabaki pale ulipokuwa kabla ya kubandika:

es-PE-re, es-PÉ-re-me
le-VAN-ten, le-VÁN-ten-se
A-bra, Á-bra-la

Sisi tunasema espeRÉme, levanTÉNse, aBRÁla. Kila herufi ipo, na mgeni hajaelewa, kwa sababu sikio lake linatafuta neno kwa mkazo kwanza. Nimemwona kijana anayejua maneno kunishinda akirudia *levanténse* mara tatu, kila mara kwa sauti kubwa zaidi, alfajiri nje ya hema. Sauti haikuwa tatizo.

Ile alama ndogo juu ya irabu, *á, é, í*, ipo kwa ajili hii. Amri ikiongezewa kiwakilishi, mkazo ukajikuta silabi ya tatu kutoka mwisho au nyuma zaidi, alama inaandikwa. Ndiyo maana *espere* haina na *espéreme* inayo. *Dame*, "nipe", haina, kwani DA iko ya pili kutoka mwisho. *Dámelo*, "nipe hiyo", inayo.

Zoezi linalosaidia: sema amri tupu mara mbili, *levanten, levanten*, kisha mara ya tatu ongeza *-se* kwa kunong'ona. Usiguse kilichotangulia. Mkia uwe mwepesi kama vumbi.

Kuna wasemaji wa Kihispania wa upande mwingine wa bahari ambao, bila kujua, walitutengenezea umbo letu. Argentina, Uruguay, Paraguay na sehemu nyingi za Amerika ya Kati, mahali pa *tú* wanasema *vos*, na amri yake inabeba mkazo mwishoni: *mirá, bebé, subí*. Wakibandika kiwakilishi mkazo unabaki ulipo, na kwa hiyo unaangukia silabi ya pili kutoka mwisho: *esperame, levantate, sentate*. Hakuna alama, na mdomo wa Kiswahili hauna pa kujikwaa. Mwargentina akikuambia *esperame*, hajakosea, na wewe ukimwambia hivyo hujakosea.

Upande wa pili wa tatizo hili ni mkazo kukimbilia mwisho. *Espere* ni "ngoja". *Esperé* ni "nilingoja". *Tome* ni "chukua"; *tomé*, "nilichukua". Hivyo hivyo *baje* na *bajé*, *pase* na *pasé*: vitenzi vyote vya -ar. Tukiongea kawaida desturi yetu inatulinda. Hatari inakuja tunapoita kwa mbali. Kuita mtu upande wa pili wa korongo, sisi huvuta irabu ya mwisho: njooooo! Fanya hivyo na *espere*, na bonde zima litasikia habari kwamba wewe ulingoja. Vuta ya katikati: *¡espeeeere!*

Dalili: umemwomba akungoje, akauliza "¿Quién?"

Umesema *Me espera*. Maana yake ni "ananingoja". Anataka kujua nani.

Kwetu anayetendewa anakaa mbele ya mzizi: ni-ngojee, m-pe, ki-fungue. Katika amri ya kukubali, Kihispania kinamweka nyuma, na kumshikanisha kabisa: *espéreme, ábralo, mírenla*. Kwa wakati uliopo anarudi mbele (*me espera, lo abre*), na hapo ndipo tunapodanganyika, kwani sentensi tulizojifunza kwanza ni za wakati uliopo na zilifanana na za nyumbani.

Wakiwa wawili, mtu anatangulia, kitu kinafuata. Unataka koti, *la chaqueta*: *pásemela*, "nipasie hilo". Unataka fimbo, *el bastón*: *pásemelo*. Na kama ni la kumpasia mtu wa tatu, ile *le* (yeye) iliyotarajiwa inageuka *se*: *pásesela*. Uchaguzi wa *lo* na *la* unawatisha wengine. Mtu aliyekulia na ngeli zote tulizonazo hana haki ya kulalamikia mbili.

Dada wa tatizo hili ni *se* inayosahaulika. "Jifunike" inatukumbusha kwa ile ji- yetu, kwa hiyo *cúbrase* tunaipata. Lakini "inuka", "keti", "amka" hazina ji-, basi tunasema *levante*, na mgeni anatafuta cha kuinua. Kuinuka ni *levantarse*: *levántese, levántense*. Andika kitenzi daftarini pamoja na *se* yake tangu siku ya kwanza, la sivyo hutairudishia tena.

Dalili: mdomoni sawa, kwenye ujumbe wa simu wanakucheka

Kiswahili kinaandikwa kinavyosikika. Kihispania karibu hivyo, lakini c na g zinabadilisha sauti zikikutana na e. Amri ya adabu ya -ar inaleta e, basi herufi lazima zibadilike ili sauti isibadilike: *buscar* inakuwa *busque*, *pagar* inakuwa *pague*, *llegar* inakuwa *llegue*. Ukiandika *page*, atasoma "pahe". *Cruzar*, kuvuka, inakuwa *cruce*, kwa desturi tu ya kutopenda z mbele ya e. Na upande wa -er, *recoger*, kukusanya au kuokota, inakuwa *recoja*.

Umbo la *tú* halina shida hii: *busca, paga, cruza, recoge*. Ni adabu tu inayogharimu.

Dalili: kundi linajibizana kwa maneno yanayoishia -d

*¡Mirad! ¡Bebed! ¡Subid!* Hao ni Wahispania, na hiyo ni *vosotros*, wingi wa *tú*. Kuiunda ni rahisi kuliko yote: chukua neno la kamusi, toa r, weka d. Ikibeba *os*, ile d inadondoka: *sentaos, levantaos*.

Huna lazima ya kuisema. Visiwa vya Canarias na Amerika yote inayosema Kihispania wanatumia *ustedes* kwa kila wingi, na Mhispania wa bara akikusikia unasema *miren* hataona kasoro, ataona adabu. Ila uitambue, maana simba akionekana, wa kwanza kupiga kelele *mirad* atakuwa mgeni, nawe utakuwa unauliza wanasema nini.

Dalili: unasikika mkali, au unasikika unabembeleza

Kwetu amri tupu ina ukali, kwa hiyo tunaizungushia naomba, tafadhali, samahani. Tunahamisha hayo yote, na *por favor* inafuata kila kitenzi mpaka inachosha. Kihispania, hasa cha Hispania, kinaishi kwa amri tupu bila mtu kuudhika. *Mire* inaanzisha maelezo. *Tome* ndiyo unayosema unapomkabidhi mtu kitu, "hiki hapa, shika". Na *pase* ni ile karibu ya mlangoni. Wengi wetu tumekariri *bienvenido*, tunaitoa kila mtu akigonga hodi. *Bienvenido* inafaa uwanja wa ndege. Mtu akiwa mlangoni mwa hema la chakula, sema *pase*. Wakiwa wengi, *pasen*. Karibuni ndiyo hiyo.

Kipimo changu ni hiki: jambo la usalama halipambwi. *Paren. Bajen. Cierren la ventana.* Simba hasubiri *por favor*. Ukiomba huduma au msaada, geuza iwe swali la wakati uliopo: *¿Me pasa la mochila, por favor?* Hapo kiwakilishi kiko mbele na hakuna kosa, kwa kuwa si amri tena.

Na neno moja la kuepuka. *Coger*, kuchukua, ni la kila siku Hispania: *coja su mochila*. Meksiko na Argentina ni neno la chumbani. Kwa kuwa hujui nani kaketi kiti cha nyuma, sema *tome*, uwe salama pande zote. *Recoja* haina tatizo popote.

Dalili: umefuata yote na neno bado linakataa

Basi si cha kawaida. Kwa *tú* kuna vinane vilivyokatwa vifupi: *di, haz, ve, pon, sal, sé, ten, ven* (sema, fanya, nenda, weka, toka, kuwa, kuwa na, njoo). Sisi ambao amri yetu ya "kuja" ni "njoo" hatuna cha kushangaa. Kwa *usted*, vingi vya hivi bado vinatii ukaguzi wa "mimi": *digo, diga*, *pongo, ponga*, *salgo, salga*, *vengo, venga*, *tengo, tenga*. *Tengan cuidado*, "kuweni waangalifu", utaihitaji kabla ya saa nne asubuhi siku yako ya kwanza, kwa hiyo ijue hata kabla hujajua inatoka wapi. Vinavyogoma kabisa ni vichache: *vaya, sea, esté, dé, sepa*.

Na siku ukisimama mbele ya watu, baridi inakata, na kichwa hakileti irabu yoyote, kuna mlango wa nyuma: *hay que* na neno la kamusi kama lilivyo. *Hay que beber. Hay que bajar.* Ni "inabidi kunywa", "inabidi kushuka". Haina *tú* wala *usted*, haina umoja wala wingi. Nilivuka nayo msimu mzima. Lakini kwa yule mzee wa Horombo sikuwa nayo bado. Alikuja mwenzangu aliyenitangulia kazini, akamshika bega, akasema *Beba, señor, beba*, na chupa ikafunguliwa.